Amepumbazwa au amekubali mwenyewe?

Juzi mama mmoja jirani yetu kalizwa laki nne za kikoba pale Kabwe, Mbeya. Mchezo ni ule ule, anatokea kijana kajifanya mshamba ana kipande cha "dhahabu ya Chunya" hajui pa kuuza, mara anapita mwingine kapendeza ati mnunuzi, mama kapanda bajaji mpaka kwake kafungua sanduku kahesabu hela karudi nazo. Sasa anasema walimpumbaza, alikuwa anaona kila kitu ila kukataa hawezi. Wazee mtaani wanasema dawa, vijana wanasema hiyo hipnosisi, yaani mtu analazwa kwa maneno mpaka anafuata amri, hata Ulaya ipo.

Mi nabisha, ila sio yote. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume kuchunguza mambo ya Mesmer, yule aliyedai anatibu watu kwa nguvu kama ya sumaku (hipnosisi ilichipukia huko), na Benjamin Franklin alikuwemo. Wakawafunga watu macho. Aliyedanganywa kwamba anafanyiwa, akazidiwa kweli, na aliyefanyiwa bila kujua hakusikia chochote! Yaani kama hujui na hujakubali, hamna kitu. Kwa hesabu hiyo kugoma ni rahisi tu, unakataa kumfuata anachosema basi.

Lakini watu hatulingani. Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walitengeneza kipimo cha mtu anavyopumbazika mwaka 1959, alama sifuri mpaka 12, kuna wa sifuri kabisa na kuna wanaozama haswa. Na hao wanaozama, mwanasaikolojia Hilgard wa hapo hapo Stanford aliwaambia wapinge, wengine wakashindwa, mkono ukafuata amri huku wanauzuia. Hapo mi mwenyewe nakuna kichwa.

Ila cheki hii ya 1965, watafiti Orne na Evans waliwaamuru waliopumbazwa washike nyoka wa sumu na wammwagie mtu tindikali, wakafanya. Kumbe na wale waliokuwa wanaigiza tu kupumbazwa nao walifanya, kwa sababu waliamini watafiti hawawezi kuacha mtu aumie kweli (na kweli kulikuwa na kinga). Kwahiyo kilichowasukuma ni imani kwa anayewaamuru, usingizi haukuhitajika.

Nikirudi kwa mama, hakuna aliyemkalisha chini wala kumwambia macho yanakuwa mazito. Aliharakishwa, akaambiwa asimwambie mtu, na faida alishapiga kichwani kabla bajaji haijafika kwake. Hiyo siiti hipnosisi, hata kama yeye alihisi kashikwa, na sidhani anadanganya aisee, mtu akishakolea hajioni.

Shida ni kwamba aliyepumbazwa anasamehewa na mwenye tamaa hasamehewi. Mke wangu yumo kwenye hicho kikoba, wamempa mama mpaka mavuno ya viazi arudishe, bila riba. Nilipoulizwa maoni yangu nikasema hata mi hiyo dawa nimeshaisikia.