Ohio Nimeondoka, Texas Sijafika

Jamani, naomba mtu aniambie mimi naishi wapi. Mwili uko Houston, huo nauona kwenye kioo kila asubuhi unavyotiririka jasho. Kazi iko Houston, zamu ya usiku, ghala la vipuri. Gari lina namba za Texas. Lakini chuo kikuu cha umma alichochaguliwa binti yangu kimeniandikia, kwa adabu zote, kwamba kwa upande wa karo mimi bado sijafika.

Tulihama Columbus, Ohio, Oktoba mwaka jana. Ili mtoto alipe karo nafuu ya mkazi, sheria ya hapa inataka mzazi awe amekaa Texas miezi 12 mfululizo, na kipimo ni siku ya 12 ya masomo, ambayo kwa muhula wa Agosti inaangukia Septemba. Nimepungukiwa wiki nne na ushee. Kwa wiki hizo nne karo inaruka zaidi ya mara tatu. Basi nikasema potelea mbali, asome Ohio, kule nimelipa kodi miaka tisa. Nikapiga simu. Wakaniambia pole baba, wewe ulishahama. Kumbe tangu Oktoba tunaishi njiani, pengine pale kituo cha mafuta Arkansas tuliposimama kununua chipsi.

Mama watoto ananikumbusha kwamba yeye alisema tuhame Agosti, mimi ndiye niliyeng'ang'ania kusubiri hela ya likizo. Najibu nini?

Na hii ni malipo, najua. Ujana wangu niliendesha watalii Arusha. Pale geti la Serengeti raia analipa shilingi, mgeni analipa dola, na kazi ya kumweleza mgeni ilikuwa yangu. Niliifanya kwa tabasamu: hifadhi hii ni ya wananchi, wao wanaichangia kwa kodi. Mzee mmoja akaniuliza, "Na simba anaijua hiyo tofauti?" Nikacheka mpaka gari likayumba. Juzi nimepewa maelezo yale yale dirishani pa chuo, karibu neno kwa neno, na tabasamu halikuwa langu.

Nikajaribu kujitetea kwamba mwezi tuliofika haukuandikwa vizuri, labda nilifika mapema kidogo. Wakataka ushahidi. Kwetu Ngamiani, Tanga, jambo hili mjumbe wa nyumba kumi angelimaliza dakika tano: daftari, kalamu, "ninamtambua mtajwa hapo juu," mhuri, na ya soda. Huku mjumbe ni bili ya umeme, na miezi ile tulikuwa tumejibanza kwa shemeji. Umeme jina lake, maji jina lake, mkataba wa nyumba jina lake. Kitu pekee cha miezi ile chenye jina langu ni faini ya kuegesha gari vibaya. Nikaipeleka. Dada wa dirishani akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akaniuliza kama nimeshailipa.

Sasa tukahamia kwenye kuomba msaada wa fedha. Fomu inaitwa FAFSA, na herufi ya kwanza maana yake ni bure. Kweli hailipiwi, ila inakula wikendi tatu. Binti afungue akaunti yake, mzazi yake, kila mmoja na barua pepe yake na namba za siri zinazotumwa kwenye simu. Mimi nikasahau nenosiri nililoliweka dakika kumi nyuma. Fomu ipo kwa Kiingereza na Kihispania. Shemeji akashauri tujaribu Kihispania, labda tutapata zaidi.

Inachukua mapato ya mwaka wa nyuma kabisa. Kwa masomo ya 2026 wanatazama kodi ya 2024, na 2024 ndio mwaka niliopiga ovataimu kama punda wa chokaa ili tupate hela ya kuhama. Kwenye karatasi mimi ni bwana mkubwa. Yule bwana wa 2024 namtafuta na mimi, ananidai usingizi.

Halafu mali. Binti anasoma kwa sauti: "Baba, una shamba?" Nina michungwa Muheza. "Unaishi huko?" Ningekuwa naishi huko ningekuwa na shida hizi? "Una nyumba nyingine tofauti na unayoishi?" Hapo nikanyamaza. Nina pagale Kange. Matofali yamefika kwenye lenta tangu 2016, ndani umeota mpapai, mapapai wanakula majirani. Fomu inataka thamani yake kwa dola, kama lingeuzwa leo.

Nikampigia mdogo wangu Tanga. "Hivi lile pagale mtu anaweza kutoa ngapi?"

Kimya. "Kaka, unauza?"

"Siuzi, naulizia tu."

"Haya."

Hiyo "haya" ndiyo iliyoniponza. Kufika magharibi ya kwao, bi mkubwa, mama yangu, ananipigia analia, ameambiwa Marekani wamenifukuza na nauza mali. Shangazi akapiga kudai kiwanja kile kilikuwa na fungu lake tangu enzi za babu. Saa nne usiku akapiga mtu nisiyemjua, anatoa milioni sita taslimu, na mpapai ubaki. Nilipomwambia siuzi akanitukana. Mpaka leo kwenye grupu la ukoo naitwa "dalali."

Lakini lililonikera kuliko yote ni swali la idadi ya watu wa familia. Tumeandika wanne. Na bi mkubwa je, dawa zake za presha kila mwezi? Hakai kwenu, hahesabiwi. Wapwa wawili ninaowalipia ada? Hawakai kwenu. Michango ya harusi, misiba, bati la msikiti? Binti akatafuta sehemu ya kuandika michango, akatafuta, akasema, "Baba, hakuna." Kwa fomu, wanaokula mfukoni mwangu ni wanne. Kwa simu yangu ni 23, na mmoja wao sijui tunahusianaje. Mapato yameonekana yote mpaka senti, walaji wengine hawaonekani hata mmoja!

Majibu yakaja na namba. Kuna namba wanayokupa kupima uwezo wa familia, inaweza kushuka chini ya sifuri, hadi hasi 1,500. Nilivyosikia hivyo nikafurahi, nikajua hapo ndipo nyumbani. Ya kwetu ikatoka juu huko, shauri ya ovataimu. Ruzuku ya Pell, ile hela ya serikali isiyorudishwa kwa wenye kipato kidogo, ambayo kilele chake ni dola 7,395 kwa mwaka, ikatupita kwa mbali. Tukapewa fursa ya kukopa. Nikaomba maji ya kunywa.

Yule dada wa dirishani, Mungu amjalie, ndiye aliyeninong'oneza. Kwa muhula wa Januari naweza kuomba tena, miezi itakuwa imetimia. Na kuna jambo jingine: hapa Texas mwanafunzi wa nje akishinda ufadhili wa ushindani wa chuo wa dola 1,000 tu, chuo kinaweza kumtoza karo ya mkazi. Nikamwomba arudie. Elfu moja inashusha maelfu? Akasema ndiyo, ila ashindanie, aandike insha.

Nimekwenda mbio nyumbani. Binti keshaanza kuandika, hainui kichwa. Nikamuuliza wanataka nini.

"Maneno 500, Baba. Changamoto kubwa niliyowahi kuishi nayo na jinsi ilivyonijenga."

"Na umeandika nini?"

Akageuza kompyuta upande wa pili. "Nimekuandika wewe."