Gari kuwa mzee sio sababu ya kuinywesha oil nzito ya 20W-50

Hapa Malindi ukipeleka Starlet ama Vitz ya zamani gereji, hakuna mtu atakuuliza injini iko hali gani. Fundi anaangalia namba ya gari, akiona inaanza na KA ama KB basi kesi imekwisha, "bosi hii ni ya 20W-50, oil nyepesi itakumalizia injini", na kijana ashatumwa dukani. Mimi hii kitu siikubali, na nimebishana nayo mpaka kuna mafundi wa Maweni wananiita injinia, na sio kwa heshima.

Miaka ya gari haichagui oil. Kinachochagua ni kile mtengenezaji alisema, halafu hali ya injini yenyewe.

Hebu angalia hizo namba za oil, kama hiyo 20W-50. Ya kwanza, ile iko na W, ni ya injini ikiwa baridi, na baridi yenyewe wanayopimia ni ya barafu, 10W kwa mfano inapimwa kwa digrii 25 chini ya sufuri. Sisi huku hata Julai kusi ikivuma alfajiri bado ni digrii ishirini na kitu, kwa hivyo kukosa usingizi kwa sababu ya 5W ama 10W sio lazima sana. Namba ya pili ndio kazi: inasema oil inabaki na uzito gani ikishafika digrii 100, 30 nyepesi, 40 ya kati, 50 nzito. Sasa watu husema jua la pwani ni kali kwa hivyo lazima oil iwe nzito, lakini injini ikiwa na rejeta nzima na thermostati (ile valvu inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto) inafanya kazi, joto lake ni lile lile karibu digrii 90, uwe Mambrui saa saba mchana ama Limuru kwenye ukungu.

Na hapo kwa thermostati ndio nina maneno. Gari nyingi za huku zilishatolewa, fundi anaing'oa anaitupa, ati "hii inafanya gari ichemke". Matokeo yake injini inakimbia baridi, na ukichanganya na safari zetu fupi, nyumbani mpaka sokoni, sokoni mpaka Casuarina, gari imezimwa, oil haipati joto la kutosha kukausha unyevu ulioingia ndani. Fungua kifuniko cha kuwekea oil asubuhi uchungulie chini yake, ukiona utando mweupe kama maziwa ya mgando, mara nyingi ni hayo maji (japo hakikisha pia rejeta haipungui maji, hiyo ni kesi ingine ya gaskiti ya hedi). Sasa injini kama hiyo haichemki, na fundi yule yule aliyetoa thermostati anaipa oil nzito kuliko zote dukani. Inazunguka kwa shida, inakunywa petroli ya bure. Rudisha thermostati kwanza bwana.

Vitz na Probox za VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati valvu zinafunguka, ziko na sababu zaidi, kwa sababu presha ya oil ndio inayosukuma kemshafti, ile shafti ya kufungua valvu, ibadilishe taimingi, na inapitia kwa vijitundu vidogo na kachujio kadogo sana. Oil nzito ama chafu inachelewa kufika, gari inakosa nguvu halafu unaambiwa ni plagi.

Kwa hivyo kama injini iko sawa, haitoi moshi na haipunguzi oil, fungua kile kisanduku cha dashibodi utoe kitabu. Najua kimeandikwa Kijapani, lakini 5W-30 ni 5W-30 hata kwa Kijapani. Mimi hapo naweka 5W-30 ama 10W-30 na silali macho. Ikianza kula oil kidogo, ikitoa moshi wa bluu ukiwasha asubuhi, hizo huwa ni valvu sili zimekauka, panda mpaka 10W-40 ama 15W-40. Moshi ukiwa unatoka kila ukikanyaga, ring za pistoni zimekwisha, na hapo sasa weka hiyo 20W-50 kama hela ya kufungua injini haijapatikana, sina ugomvi, ila ujue hujatengeneza kitu, umenunua muda tu.

Dukani geuza galoni usome nyuma. Kuna API, alama ya daraja la ubora wa oil, halafu herufi mbili, zikianza na S ni ya petroli, SL, SM, SN, SP, kadiri unavyosogea mbele ndio mpya zaidi, na mpya inafaa kwa hizi gari zetu. Zikianza na C, kama CI-4, hiyo kwanza ni ya dizeli, mwachie mwenye lori. Na ile hadithi kwamba oil ya sinthetiki inavujisha gari ya zamani, sili ikiwa nzima haivujishi. Ikiwa imepasuka na uchafu ndio ulikuwa umeziba, basi uchafu ukioshwa utaona tone chini, lakini sili ilikuwa imekufa zamani. Mfuko ukikataa, mineral nzuri, ile oil ya kawaida isiyo sinthetiki, unayobadilisha kila kilomita elfu tano na filta yake inaishinda sinthetiki ya bei inayokaa mwaka na nusu.

Halafu kijiti cha kupimia oil. Watu wanabishana kuhusu namba na oil iko chini ya alama! Hizi injini ndogo zinachukua lita tatu na kitu, ikipungua moja imebaki mbili za kufanya kazi yote, na taa ya oil haikwambii imepungua, inakwambia presha imeshapotea. Chomoa kila wiki gari ikiwa imesimama sawa. Ile inayobaki kwa galoni ya lita nne ndio ya kuongezea, na usimpe jirani wa bodaboda, klachi yake inalowa kwa oil ile ile ya injini na hizi zetu nyepesi zinaweza kuifanya iteleze.

Oil yenyewe inunue kwa petroli stesheni ama kwa muuzaji unayemjua, feki ni nyingi. Na ukimaliza, galoni tupu usiiachie gereji hata ukiombwa kwa upole, itoboe na bisibisi kwanza, ndio mtu asije kuijaza oil chafu iliyochujwa na kumuuzia mwingine.