Watawala wa zamani kugeuzwa vampaya: inawafaa au inawaokoa?

Huu mtindo wa kuchukua watawala wa zamani na kuwafanya vampaya, mazombi sijui maiti zinazotembea, kama burudani mimi sina shida nao kabisa, ila kuna mahali unanikera.

Vlad wa Tatu, mtawala wa Wallachia, eneo ambalo leo liko Romania, ndo baba lao. Jamaa alikuwa anawachomeka maadui kwenye miti iliyochongwa mpaka wafe, na inasimuliwa kwamba mwaka 1462 jeshi la Sultani Mehmed wa Pili wa Waottomani lilikuta maelfu ya maiti zimesimamishwa hivyo karibu na mji wa Târgoviște. Mwandishi Bram Stoker akaja kuchukua jina lake la Dracula na kumpa vampaya wa riwaya yake ya 1897, mambo mengine aliyatunga mwenyewe. Wanaotetea watakwambia bila Stoker nani nje ya Romania angemjua Vlad, na hapo siwapingi. Ila Waromania wengi wanamuona shujaa aliyemgomea Sultani, wengine wanasema katili tu, mjadala mtamu kweli huo, halafu vampaya anauzima wote maana yeye hana siasa ana kiu tu.

Elizabeth Báthory, mwanamke wa ukoo mkubwa wa Hungaria, ndo kaonewa zaidi, yaani namna anavyosimuliwa. Alituhumiwa kuua wasichana, watumishi wake wakakatwa kichwa au kuchomwa 1611, yeye akafungiwa kwenye ngome yake bila kesi mpaka akafa 1614. Ile stori ya kuoga damu ili asizeeke ilichapishwa 1729! Na familia yake ilikuwa inamdai mfalme hela. Sisemi hana hatia, mashahidi walikuwa wengi sana, ila ukishamwekea bafu la damu nani atauliza tena habari za deni?

Sasa kuna mtu ambaye meno marefu yanamkaa vizuri, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Kongo ilikuwa mali yake binafsi toka 1885 mpaka 1908, watu wakalazimishwa kukusanya utomvu wa mpira, wengine wakakatwa mikono, utajiri ukaenda Ubelgiji na mwenyewe hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja. Andika kurasa mia za uchumi, hazitamfikia msomaji haraka kama picha ya mfalme anayeshiba damu ya watu asiowaona. Hapo nawapa haki yao.

Lakini hata huyo, vampaya huwa anang'ata mwenyewe, Leopold alikuwa na maafisa, askari, makampuni ya mpira kama ABIR, mikataba, watu wa kuhesabu kilo za mpira. Halafu vampaya ukimchoma moyoni imeisha, wakati Kongo ilipokabidhiwa serikali ya Ubelgiji 1908 kazi za lazima ziliendelea tu. Kwa hiyo akitokea mtu akaandika Leopold mwenye meno nitasoma, tena usiku huohuo, ila nataka na makarani wake wawemo, na hao wawe binadamu wa kawaida kabisa.