Mzigo Utabebewa, Usijali

Tangazo lilinifikia kwa WhatsApp. Hija ya miguu Taita Taveta, kufuata nyayo za mashujaa wa Vita Kuu ya Kwanza: Maktau, Mbuyuni, kilima cha Salaita, mpaka makaburi ya wanajeshi Taveta mjini. Kisha chini, kwa herufi ndogo: hema, chakula na wapagazi vimo kwenye bei.

Wapagazi! Kundi moja na hema na maharage.

Kutembea kwenyewe sikupingi. Salaita inafaa kupandwa, hasa na mtu mwenye majivuno. Tarehe 12 Februari 1916 wazungu wa Afrika Kusini, wakimpigania Mwingereza, waliivamia wakidhani ni kazi ya asubuhi moja, wakatimuliwa na askari weusi wa Mjerumani. Waliowakinga wakati wa kukimbia ni Wabaluchi wa jeshi la India, wale wale ambao wazungu hao walikuwa wakiwadharau. Hilo peke yake linatosha nauli.

Lakini hija kwa nani? Ukifika makaburini utasoma majina ya wazungu, jiwe kwa jiwe. Aliyewabebea risasi na unga yuko wapi? Mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe, kwa hiyo vita vikapandishwa kichwani mwa watu, wengi wao wakiwa wamekamatwa vijijini kwa nguvu. Waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa kuliko risasi. Kwa upande wa Mwingereza tu, wanahistoria wanakadiria waliokufa karibu laki moja. Laki moja! Na sanamu za askari za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zinawasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, zikiahidi kwamba ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lipi? Hawakuandika hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kutowakumbuka, miaka mia na ushee baadaye. Asanteni sana.

Na Kasigau, hapo hapo Taita Taveta, mbona haimo kwenye ratiba? Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu wenyeji wa pale kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha kijiji kizima kizima hadi Malindi, na wengi wakafia huko. Wazee wa Kasigau bado wanalisimulia. Mahujaji wanapitishwa mbali, labda kwa kuwa hakuna mzinga wa kupiga nao picha.

Haya, nakubali shingo upande: vijana wa Taveta wanahitaji kazi, na kubeba begi la mgeni kwa hiari na kwa ujira si kukamatwa kijijini. Basi andikeni kwenye tangazo hilo hilo kila mpagazi analipwa shilingi ngapi kwa siku, na mzigo wake hautazidi kilo ngapi. Kwa herufi kubwa.