Konagamana, Buddha wa kabla ya Gotama

Wanahistoria wengi humpitia Konagamana kwa sentensi moja: ni hadithi. Hoja yao si nyepesi. Vitabu vya Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, vinamweka wa 5 katika safu ya Mabuddha 7, yaani walimu walioamka na kuijua kweli, inayoishia kwa Gotama, Buddha anayejulikana katika historia, na vinasema watu wa zama zake waliishi miaka 30,000. Wasifu wake umefuata kiolezo kilekile cha wenzake: jina la baba, la mama, la mti alioketi chini yake. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, nao wana safu yao ya walimu 24. Mtu ataona hapo dini changa ikijitafutia ukoo mkongwe.

Lakini huko Nigali Sagar, katika nyanda za kusini mwa Nepali, kuna nguzo ya mawe iliyovunjika yenye maandishi ya Ashoka, mfalme wa India wa karne ya 3 KK. Alois Führer, mtaalamu wa mambo ya kale aliyeyatangaza mwaka 1895, aliharibu jina lake kwa kueleza magofu ambayo hayakuwepo. Hata hivyo wataalamu kwa jumla huyakubali maandishi yenyewe. Yanasema kwamba mfalme, miaka 14 baada ya kutawazwa, aliikuza maradufu stupa, yaani kilima cha kumbukumbu takatifu, ya Buddha Konakamana (ndiye Konagamana), kisha baadaye akaja mwenyewe kuiheshimu. Aliikuza. Kwa hiyo aliikuta. Kabla ya mfalme kuleta mali yake, walikuwapo watu waliomjengea Konagamana, wakamtunzia mahali pake. Nguzo haithibitishi kwamba aliishi. Inathibitisha kwamba ibada yake haikungoja watunzi wa karne za baadaye, na hilo wanaomfuta kwa sentensi moja hawalipi uzito wake.

Kuhusu kujitafutia ukuu, tazama hesabu zenyewe. Konagamana amepewa mkutano wa watawa 30,000, Gotama, 1,250. Zama za Gotama, anayefika miaka 100 amejitahidi. Anayetaka kumkweza mwalimu wake hamfanyi mdogo kuliko waliomtangulia. Gotama mwenyewe, katika Nagara Sutta, mojawapo ya mahubiri yake, anajilinganisha na mtu aliyeikuta msituni njia ya kale, akaifuata hadi kwenye mji wa kale, kisha akamshauri mfalme aujenge upya. Ukimwondoa Konagamana na wenzake, njia hiyo inabaki bila waliowahi kuipita, na Gotama anageuka mwanzilishi, cheo ambacho katika maneno hayo hakukidai.