Corvette ya wazi iliyoundwa upya: lipia chuma kwanza, rangi baadaye

Matangazo ya Corvette (gari la michezo la Chevrolet ya Marekani) za 1963 hadi 1967 zenye paa la turubai, zilizofumuliwa na kufungwa vifaa vya kisasa, huimba wimbo mmoja: injini ya LS3 (V8 ya kisasa ya General Motors) yenye nguvu farasi 430, gia sita, rangi mpya. Hayo ndiyo mambo mepesi. LS3 inauzwa mpya, na mwenye hela ataifunga. Msimamo wangu ni kwamba gari la namna hii lithaminiwe kwa chuma kisichoonekana, na muuzaji asiye na picha za bodi ikiwa imenyanyuliwa kutoka kwenye chesesi (fremu ya chuma ya chini) hastahili kulipwa bei kamili.

Bodi ya Corvette ni faibaglasi, haishiki kutu, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Ndani yake mna kiunzi cha chuma kinachozunguka kioo cha mbele na kubeba bawaba za milango. Wajuzi wa Corvette hukiita tundu la ndege. Maji hupenya chini ya raba ya kioo, hushuka ndani ya nguzo na kutuama chini kabisa, pembeni mwa miguu ya dereva na abiria. Fungua vifuniko vya hapo, mulika tochi, dunga kwa ncha ya bisibisi. Chuma kikibanduka tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma, achana na gari hilo, au kata bei kwelikweli: kukitengeneza vizuri ni kutoa kioo, kukata faibaglasi, kuchomelea, kisha kupaka rangi upya. Kagua pia chesesi nyuma ya milango, pale inapopinda kupanda juu ya ekseli. Matope hukaa humo miaka na miaka.

Sumaku haisaidii kutafuta puti (dawa ya kufukia mabonde) kwenye faibaglasi. Ingiza kichwa ndani ya tao la gurudumu utafute vipande vilivyounganishia paneli kiwandani. Visipokuwepo, pua ya gari ilishabadilishwa, pengine baada ya ajali.

Kabla ya kusifu injini mpya, uliza ya zamani iko wapi. Namba ya gari la wazi huanza na 30867 kwa la 1963, 40867 kwa la 1964, na 19467 kwa ya 1965 hadi 1967, kwenye kibati kilichofungwa chini ya kisanduku cha dashibodi. Namba za injini, ambazo utazilinganisha na ya gari, zimegongwa kwenye bloku, mbele ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ya kulia, juu ya sehemu yenye mistari myembamba sambamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani. Mistari ikiwa imefutika, bloku ilikwanguliwa au namba ziligongwa upya. Gari ambalo bado lina injini yake ya asili libaki kama lilivyotoka kiwandani St. Louis, Marekani; kulikatakata ni kuharibu kitu kisichorudi. Yako mengi yaliyokwisha kupoteza injini zao, na hayo ndiyo ya kuyafanyia ubunifu.

LS3 ina madai yake. Inahitaji petroli kwa shinikizo la psi (pauni kwa inchi ya mraba) 58, wakati kabureta ya zamani iliridhika na psi 5 hadi 7. Tenki la asili huenda halina kuta za ndani za kuzuia petroli kuyumba. Pampu ikitiwa humo bila kuziongeza, petroli ikipungua injini hukohoa kwenye kona. Halafu kuna kale kabomba kembamba ka kutolea mvuke juu ya silinda hedi. Kapelekwe kwenye redieta. Fundi akikaziba, hewa hubaki kwenye hedi na injini huchemka.

Waliobakiza breki za diski za asili, zilizokuja 1965, wana shida yao: pedali huzama bila mafuta ya breki kuvuja popote. Kiwandani diski ilipigwa ribiti kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na vyote viwili vikachongwa pamoja. Fundi akitoboa ribiti na kuweka diski mpya bila kupima, diski huyumba, pistoni za kalipa (kibanio cha pedi za breki) huenda mbele na nyuma, na sili hufyonza hewa. Myumbo usizidi inchi 0.005, yaani milimita 0.13 hivi.

Mwisho, umeme. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa inataka waya wake wa ethi (wa kurudisha umeme) hadi kwenye chesesi. Washa taa kubwa, kanyaga breki, weka indiketa. Taa za nyuma za upande usio na indiketa zikipepesa kwa mdundo wa indiketa, nyaya za ethi zimefungwa ovyo, na aliyefanya hivyo huenda ndiye pia aliyefunga pampu ya mafuta.