Kashe za prosesa: kupaza sauti ao kushika daftari?

Pale Birere, hapa Goma, wakambisti watatu wanne wanakaa kona moja, kila mutu na kikartoni chake ameandika bei ya dola. Bei ikigeuka mmoja anapaza sauti "imepanda!", wengine wanafuta ya kwao, imeisha. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kori nyingi, yaani sehemu nyingi zinazohesabu kwa wakati mmoja, iko na shida ileile: kila kori inashika nakala ya namba za memori kwenye kashe yake, kimemori kidogo cha mbio kilicho karibu nayo, sasa moja ikibadilisha namba na zingine zikabakia na ya zamani, programu inahesabu uongo.

Njia ya kelele njo MESI inatumia, ile kanuni ya kulinganisha kashe, ya chuo kikuu cha Illinois ya 1984. Kori zote zinasikiliza waya moja ya pamoja, mwenye kutaka kuandika anatangaza, wenye nakala wanazitupa. Kwa masini ya kori nne sioni sababu ya kutafuta kingine, ni nyepesi na inaenda mbio. Lakini weka wakambisti mia pale konani wote wapaze sauti, nani atamsikia nani?

Wengine wanataka daftari, wazo ambalo Censier na Feautrier waliliandika 1978: kuna mahali panapojua nani ana nakala ya nini, anaitwa huyo peke yake, wengine wanaendelea na kazi yao. Sawa, ila daftari inakula nafasi. Kori 64, alama moja kwa kila kori, hiyo ni biti 64 (baiti 8) juu ya kipande cha baiti 64 (kashe inashika memori kwa vipande vya hivyo), yaani 12.5% ya ziada (kuna mbinu za kuipunguza, lakini bure haiko), na tena kila ombi linapita kwanza kwa mwenye daftari. Kwa masini kubwa mimi nakubali kulipa.

Halafu kuna wale wanasema tuondoe yote, kelele na daftari, mwandika programu ajipange mwenyewe. Intel walijaribu, ile chipu yao ya majaribio ya kori 48, masini hailinganishi kashe, kori zinatumiana ujumbe. Unaokoa waya na umeme, kweli. Ila mimi hapo nasita, na nawaambia kwa nini.

Niliandika kiprogramu cha kuhesabu maneno, nyuzi nane (kazi nane zinazoenda pamoja, kila moja kwa kori yake), kila moja na kaunta yake ya baiti 8, nimezipanga bega kwa bega. Nane mara nane ni 64, zote zikaangukia kipande kimoja cha kashe! Hakuna aliyegusa kaunta ya mwenzake lakini kori zilikuwa zinanyang'anyana kile kipande, mpaka uzi mmoja ukawa unashinda nane. Nikaachanisha kaunta, kila moja na kipande chake, ikaruka. Lakini angalia: ilikuwa polepole, jibu lilikuwa sawa. Bila ulinzi wa masini, kila kori ingerudisha kipande chake kizima kwenye memori na kufuta hesabu za jirani, jibu lingetoka mbio na bovu, na mimi ningekuwa bado nalitafuta kosa leo.